Hodi ya Kengele

Vipanga, timu ya hoki ya chuo, walifunga mabao matatu jioni ile, na kengele ikalia mara nne.

Hakuna aliyejali. Wanafunzi walikuwa wakirukaruka kwenye viti, wachezaji wameshavua kofia zao ngumu wanakumbatiana juu ya barafu, na nani ana haja ya kuhesabu timu yake ikishinda? Ni kocha tu, Mkanada mmoja mwenye uso mwekundu, aliyemgeukia askari wa mlangoni akamwonyesha vidole vitatu. Askari mwenyewe, Isaiah, Mganda mpole ambaye hakuwa ametimiza hata miezi miwili pale kazini, aliapa kwamba amegonga mara tatu, na kwamba pigo la nne lilipolia kamba ilikuwa imeshamtoka mkononi. Kocha akacheka, akampigapiga begani, akaenda zake.

Agneta alikuwa juu kabisa, safu ya mwisho, ameinama na ufagio anazoa bisi na vikombe vya karatasi. Pigo la nne lilimkuta mgongoni. Kabla hajawaza lolote, midomo yake ilikuwa imeshajibu kwa sauti ya chini, kama ilivyozoea kujibu kila mechi.

"Karibu."

Halafu akakumbuka kuwa mumewe amefariki wiki saba sasa. Akakaa pale pale kwenye ngazi.

Kengele yenyewe ilikuwa na kisa chake. Chuo kile kilikuwa cha watoto wa wenye nazo, kimejengwa Al Quoz, Dubai, katikati ya maghala ya vigae na karakana za magari, na katika joto lile lote kilikuwa na uwanja wake wa barafu wa kuchezea hoki. Kocha alikuja na desturi ya chuo alichosomea kwao. Kila bao la wenyeji hujibiwa kwa pigo moja la kengele, halizidi wala halipungui, na siku ya mechi ya mwisho wa msimu hugongwa mara moja kwa kila mchezaji anayehitimu. Kengele aliipata kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mitaa mitatu kutoka pale. Mwenye vyuma hakujua ilikotoka. Aliikuta ndani ya kontena lililotelekezwa, na kocha hakuuliza zaidi. Ilikuwa ya shaba iliyopiga weusi, upana wake kama sufuria ya kupikia watu wa matanga, na ndani, uisugue usiisugue, ilikuwa na unyevu wakati wote.

Ilitundikwa mlangoni, kwa hiyo kazi ya kuigonga ikamwangukia askari wa mlango. Wakati huo askari alikuwa Gerishom, mume wa Agneta, mtu wa Shinyalu ambaye hajawahi kushika gongo la hoki maishani, na kile kisahani cheusi cha mchezo alikiita kifuniko. Wanafunzi walimpenda. Bao likiingia walimgeukia wote kwa pamoja, "Yalla, Uncle Gerry," naye huvuta kamba kwa heshima zote, amenyooka, hacheki mpaka mlio uishe.

Agneta alimfuata Dubai mwaka 2005, akapata kazi ya usafi uwanjani hapo hapo. Mke na mume wakawa mji mmoja, lakini yeye analala chumba cha wanawake sita na mumewe analala kambi ya wanaume upande wa pili wa Al Quoz. Kwa miaka miwili hawakuwa na mlango wao hata mmoja. Basi Gerishom akautengeneza. Mechi ikiisha na watu wakianza kutoka, aliigusa kengele mara moja zaidi, taratibu, pigo lisilo la bao lolote. Hiyo ilikuwa hodi yake. Agneta naye kule juu, na ufagio wake, aliitika karibu, wakatazamana kupitia viti vitupu na kucheka kama watoto walioiba sukari. Hakuna mwingine aliyejua, na kwa dakika hiyo moja walikuwa na nyumba.

Mwezi wa pili, mwaka 2007, lori la kokoto lilimgonga Gerishom akivuka barabara kwenda kununua mkate. Maiti ilisafirishwa siku ya tisa. Agneta aliomba aende kumzika. Msimamizi wake akamwambia pasi yake iko ofisini, mtu wa kushika zamu yake hakuna, inshallah msimu ukiisha. Kwa hiyo Gerishom alizikwa na ndugu zake, na binti yao Ivy, mwenye miaka saba, alisimama kando ya kaburi ameshikwa mkono na nyanya yake. Siku hiyo, Jumamosi, saa ya mazishi, Agneta alikuwa akipiga deki vyoo vya uwanja wa barafu. Aliangalia saa, akapunguza moja ili ipatane na ya nyumbani, akaendelea kupiga deki. Uchungu wa jambo hilo ulimkaa kifuani, na hakuwa amempata mtu wa kumwambia.

Baada ya jioni ile ya mapigo manne, mechi iliyofuata aliisubiri kwa moyo wake wote. Mabao mawili, mapigo matatu. Mara hii alijibu akijua anachojibu. "Karibu," akasema, "karibu, Baba Ivy," na hapo hapo akasikia harufu ya Robb, ile dawa ambayo Gerishom alijipaka kifuani kila zamu kwa ajili ya baridi ya mle ndani. Kiti cha pembeni yake kikalia kama kinavyolia kikikaliwa. Vinyweleo vilimsimama mwili mzima, lakini tuseme ukweli, alifurahi. Alifagia safu nzima akinong'ona habari za siku yake, nani kamuudhi, nani kampa chai, na kiti baada ya kiti kililia kikimfuata.

Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alinunua kadi ya simu akampigia Ivy. Gerishom aliondoka nyumbani mtoto hajaacha ziwa, kwa hiyo Ivy hakuwa na baba ila yule aliyekuwa kinywani mwa mama yake. Tangu mazishi, kila Ijumaa aliomba jambo lile lile: nipe moja ya Baba. Agneta alikuwa na hadithi zake nyingi, za kumlea nazo mtoto mpaka awe mtu mzima. Siku hiyo alianza ile ya ng'ombe wa mahari aliyekata kamba. Alifika kwenye kamba, akakwama. Alijua kulikuwa na ng'ombe, alijua watu walicheka, lakini Gerishom alifanya nini, alisema nini, hapakuwa na kitu. Akamdanganya mtoto kwamba laini ni mbovu.

Alijisemea ni uchovu. Akaanza kwenda uwanjani hata mchana, kati ya saa saba na saa tisa, wakati barafu inapopumzishwa na taa zikiwa zimezimwa. Nje jua linachoma, ndani giza la baridi. Alikaa safu ya mwisho na kusubiri, na siku tatu za kwanza alipata harufu tu na kiti kulia, akatosheka. Lakini kila aliporudi chumbani alikuta kitu kimepungua. Wimbo ambao Gerishom alipenda kuupiga mluzi, hakuupata. Alivyokuwa akicheka, hakukumbuka. Alilala akijilaumu kwamba ni mke wa namna gani anayesahau upesi hivyo.

Siku ya nne ikaja sauti. Ilianza kwa kengele kuvuma yenyewe, si kulia, kuvuma tu, kule chini mlangoni ambako hapakuwa na mtu, kisha viatu vizito vya askari vikaanza kupanda ngazi, kimoja, kingine, vikapita safu ya kwanza na ya pili na ya tatu bila mwenye viatu kuonekana, na harufu ya Robb ikapanda navyo, lakini chini ya hiyo Robb kulikuwa na harufu nyingine, ya chuma kilicholala majini miaka mingi, na pumzi iliyomfikia sikioni haikuwa na joto hata chembe, ilikuwa baridi kuliko ile barafu yenyewe.

"Mama Ivy," ikasema, na sauti ilikuwa ya Gerishom kabisa. "Unakumbuka tulivyovuka Isiukhu, kiatu chako kikaenda na maji, nikavua changu kimoja nikakupa, tukaingia kanisani kila mtu na kiatu kimoja?"

Agneta akacheka. Kilikuwa kisa kitamu. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu kisa hicho alikuwa anakisikia kwa mara ya kwanza. Mto aliukumbuka, na ubaridi wa maji kwenye mguu wake aliukumbuka, lakini pale pembeni yake alipopaswa kuwa mwanamume palikuwa patupu. Alishuka zile ngazi mbio, akajigonga kwenye vyuma, akatoka juani. Chumbani alitoa picha ya harusi chini ya godoro, na ilimchukua muda kumtambua yule mtu wa suti aliyesimama karibu naye.

Rukiya, Mmombasa aliyelala kitanda cha chini yake na kufanya naye kazi zamu moja, alimkuta amekaa sakafuni na picha. Alikuwa amemvumilia siku nyingi.

"Mama Ivy, kila siku usingizini wasema karibu, karibu," akasema kwa sauti ya chini wengine wasisikie. "Wamkaribisha nani?"

Agneta akamweleza yote. Mwisho Rukiya akajifunga mtandio vizuri, akasema kitu kile si mumewe, na kwamba yuko mzee mmoja Deira anayejua mambo hayo. Agneta alisita, yeye ni mtu wa kanisa la Marafiki, na kwao kwenda kwa mwalimu wa majini ni jambo la kusemwa kanisani mwaka mzima. Lakini aliifikiria Ijumaa inayokuja na mtoto anayesubiri kwenye simu, akavaa viatu.

Mzee Nassor alikuwa Mzanzibari wa miaka mingi pale mjini, muuza udi na ubani, duka lake jembamba mno hivi kwamba wateja wawili hawapishani. Aliwasikiliza huku akichagua vipande vya udi kwenye trei. Kengele tangu zamani haipendezi, alisema, masheikh wamefundisha kwamba malaika hawaandamani na msafara wenye kengele, na ile ya vyuma chakavu hakuna ajuaye ilikaa wapi na nani. Lakini jini kukaa ndani ya kengele ni jambo moja, na kuingia kwa mtu ni jingine. Akamuuliza Agneta amekaribisha mara ngapi. Agneta akasema alihesabu mpaka tatu, kisha akaacha kuhesabu.

"Kwetu mtu akipiga hodi tatu asiitikwe, huondoka," alisema Nassor. "Wewe umemwitika, mwanangu, kwa jina la marehemu. Sasa anakula kila ulichonacho cha mumeo, na akishakila anakivaa. Ndiyo maana kila siku yeye anazidi kumfanana na wewe unazidi kumsahau."

"Na alivyokula vitarudi?"

Mzee akaweka trei chini. "La. Hivyo vimekwenda. Tunamtoa ili asimalize."

Agneta akalia pale dukani, mbele ya mteja aliyesubiri mlangoni. Alimlilia Ivy kuliko alivyojililia mwenyewe. Nassor akamwacha mpaka akanyamaza, kisha akamwambia kuwa kombe la aya la kunywa hatampa, dini yake anayo na sala zake azisali, yeye naye atasoma kwa upande wake. Lakini neno la kumtoa lazima liwe la Agneta kwa sababu la kumwingiza lilikuwa lake. Akipiga tena hodi, amjibu kama anavyojibiwa mgeni yeyote aliyemfuata mtu ambaye hayuko: mwenyewe hayupo. Amtaje huyo mwenyewe, na aseme yuko wapi, mara tatu.

"Na useme lile neno lenyewe," aliongeza. "Usiseme ametutoka, usiseme ametangulia. Hayo maneno yana mlango wazi."

Agneta alijua neno gani. Katika wiki zote hizo hakuwa amelitamka hata mara moja.

Mechi ya mwisho ilichezwa Alhamisi baada ya magharibi. Vipanga walishinda mawili kwa moja, Isaiah akagonga mawili. Kisha wachezaji tisa waliokuwa wakihitimu wakapanga mstari juu ya barafu na magongo yao, na kwa kila jina lililoitwa akagonga moja, wazazi wakifuta machozi na kupiga picha. Tisa. Watu wakaanza kutoka, taa za upande mmoja zikazimwa. Rukiya alisimama mlangoni karibu na Isaiah, kama walivyopatana, na Agneta akapanda peke yake mpaka safu ya mwisho.

Kengele ikalia. Isaiah akaruka nyuma, kwa sababu kamba alikuwa ameshaizungusha kwenye msumari.

Agneta alifungua mdomo, na lililokuja kwanza lilikuwa lile la siku zote; alilihisi ulimini, akaling'ata. Viatu vikaanza kupanda. Havikuwa na haraka. Kila safu vilipopita viti vilijifunga vyenyewe, tap, tap, tap, na ile harufu ya chuma cha majini sasa haikujificha tena chini ya Robb, ilikuja mbele yake, na pamoja nayo ikaja ile sauti, ikimhesabia taratibu mambo ambayo hakuyajua: siku waliyokutana na alivyokuwa amesuka nywele, alichomwambia usiku Ivy alipozaliwa, jina la utani alilompa mtoto kabla hajapewa jina la kanisani, ikasema na kusema, na kila jambo lilikuwa zuri, na kila jambo lilikuwa lake na halikuwa lake tena, na hofu yake ikachanganyika na tamaa mpaka hakujua ipi ni ipi.

"Vyote ninavyo," ikasema sikioni. "Ukinifukuza naondoka navyo. Sema karibu, Mama Ivy. Nitakupa kimoja kila Ijumaa, umpelekee mtoto."

Hapo nusura akubali. Hakuna aliyepita hayo anayeweza kumlaumu. Kwa mtoto yule angemkaribisha hata mbaya zaidi ya huyo, angempa moyo wake wote autafune, mradi kila Ijumaa kuwe na moja ya Baba. Alikuwa amevuta pumzi ya kusema. Kisha likamjia swali, na akaliuliza kwa sababu ndilo jambo alilotamani kulijua kuliko mengine yote.

"Niambie walivyokuzika."

Akaisikia ikitafuta, ndani yake yeye mwenyewe, kifuani, kichwani, kama mtu anayepekua sanduku la mwenzake, ikipekua huku na huku na haipati kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu. Agneta hakuwapo mazishini. Jambo hilo lilikuwa limemuumiza kuliko yote, na ndilo pekee lisiloweza kuliwa.

"Mwenyewe hayupo," akasema. "Gerishom amekufa. Amezikwa Shinyalu, na mimi sikuwapo."

Viti vikatikisika. Sauti ikamwita, ikamsihi, ikamwita kwa jina ambalo huenda Gerishom alimwita faraghani na huenda hakuwahi, yeye hakujua tena. Akasema mara ya pili. Baridi ikamshika shingoni. Mara ya tatu alisema akilia, maneno yakikatika, amekufa, amekufa, sikuwapo, na alipomaliza kengele ikapiga kelele moja ndefu, na kitu kikashuka ngazi kwa kishindo. Rukiya, mtandio mdomoni, alikuwa akisoma Ayatul Kursi bila kuvuta pumzi, na yeye na Isaiah walihisi wote wawili kikipita katikati yao. Mlango ukafunguka wenyewe, joto la nje likaingia.

Kesho yake kocha alipojaribu kengele ilitoa sauti ya ubao. Alishangaa, akaitikisa, akachungulia ndani, akaikuta imekauka. Msimu uliofuata walinunua honi ya umeme.

Kesho yake hiyo ilikuwa pia Ijumaa. Agneta alikaa kwenye ngazi za nyuma za jengo lao na simu. Alijaribu kwanza kutafuta, akapata vipande vitatu au vinne visivyo na kichwa wala miguu. Picha aliitazama na akajua ni mumewe kwa sababu nyuma yake paliandikwa hivyo. Akapiga. Ivy alipouliza kama kawaida yake, Agneta alimwambia ukweli.

"Leo Mama hana, mwanangu. Zimeniisha."

Agneta alisikia kuku wa nyumbani, na mtu akipasua kuni.

"Mimi ninayo moja," Ivy akasema. "Ya siku ile. Nikupe?"

"Nipe."

"Kulikuwa na mvua. Sanduku lilikuwa na kioo kidogo, nyanya akanibeba nione. Baba walikuwa wamemnyoa ndevu. Tai yake ilikuwa imepinda, nikawaambia wamnyooshee, wakasema sanduku halifunguki tena. Halafu watu wakaimba, halafu tukatupa udongo. Mimi nilitupa mara mbili. Mjomba akaniambia ni mara moja tu."

"Kwa nini ulitupa mara mbili?"

"Moja yangu," Ivy akasema, "na moja yako."

Agneta alifunika simu kwa kiganja, akalia mpaka akaweza kusema tena. Kadi ilikuwa bado na dakika sita. Akamwomba mtoto aanze upya, tangu kwenye mvua, aende polepole.